Bega la Kwa Mwenye Mguu

Nikisikia watu wa mjini wanasema bangi ni ugonjwa wa vijana wa siku hizi, damu inanichemka. Siku hizi zipi? Mimi niliiona bangi ikimla kaka yangu kule Bugeshi miaka ya hamsini, na haikuletwa na sinema wala na muziki. Ilikuwa imeota nyuma ya boma la ng'ombe la baba yangu, inakunywa mkojo wa ng'ombe, imenawiri kuliko maharage yetu. Na habari hii siisimulii kwa aibu. Mwenye aibu ajifunike mwenyewe. Mimi naisimulia kichwa juu, na wajukuu zangu wanajua kwamba nikishaianza, chai itapoa.

Kule juu tulikuwa tunasema Kinyarwanda. Kiswahili nilikipata baadaye, nilipoolewa na fundi cherehani wa hapa Gisenyi, na aliyenifundisha ni mama mkwe wangu: alikuwa hanipi kitu jikoni mpaka nikitaje jina lake. Nililala na njaa siku ya kwanza kwa sababu sikujua kuutaja mwiko wa kupakulia. Kwa hiyo maneno ya baba, ya mama na ya kaka nitakayoyasema hapa nimeyatia mimi Kiswahili, na naamini wangekubali, isipokuwa baba, ambaye hakuwa akikubali kitu.

Bugeshi iko chini ya volkano. Baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Tulilima viazi na mbaazi ndogo za kijani, tukafuga ng'ombe wachache, na kila msimu nguruwe mwitu na nyati walishuka kutoka msituni kula mazao yetu. Ndiyo maana vijana wa kilima walilala kwenye vibanda pembeni mwa mashamba, wakilinda. Kijana akishaota ndevu mbili tatu, halali tena nyumbani, anakwenda kibandani na mkuki na blanketi lake. Kaka yangu alikwenda akiwa bado ana sauti inayopandapanda.

Baba hakwenda kwa sababu ya mguu. Alianguka kutoka paani akiezeka nyumba ya jirani, mguu ukapona ukiwa umepinda, na tangu hapo kilima kizima kikatuita kwa Mwenye Mguu. Halikuwa tusi. Kwetu nyumba inaitwa kwa kile kinachoonekana.

Sasa huo mmea. Karibu kila boma la ng'ombe kilimani lilikuwa nao, na kwetu tuliuita urumogi. Ng'ombe akikohoa, unachemsha majani yake, unampanua mdomo na kumnywesha kwa chupa. Ilikuwa dawa ya ng'ombe, basi, kama vile chumvi ilivyo ya ng'ombe. Serikali ya wazungu iliikataza, lakini nani alipanda mlima kuhesabu mimea ya nyuma ya boma? Na kosa walilolifanya wazee wetu, kosa ambalo watu wasiofuga wasingelifanya, ni hili: walimwamini ng'ombe. Kwetu ng'ombe ndiye kipimo. Kitu kinachomfaa ng'ombe kinawezaje kumdhuru mtu?

Kaka yangu aliporudi kutoka kibandani anakohoa, ni baba mwenyewe aliyemchumia majani ya kwanza. Nilikuwepo. Nilikuwa nachambua mbaazi mlangoni.

"Chukua," baba akamwambia. "Usichemshe, utapoteza muda. Wenzako wanavuta tu kwenye kiko. Yule ndama mweupe alipona kwa haya haya."

"Yeye si ndama," mama akasema kutoka ndani.

"Kifua ni kifua," baba akajibu, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Kikohozi kilikwisha, nisiseme uongo. Na baridi ikaisha, na hofu ya nyati ikaisha. Kibandani wakawa wanacheka mpaka sisi tukiwa nyumbani tunawasikia. Nusu ya vijana wa kilima walikuwa wanavuta, wale wa vibandani na wale waliokwenda kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu. Wazee waliona ujana tu. Halafu vicheko vikapungua, lakini moshi haukupungua. Kaka yangu alikuwa kijana wa kuchonga mstari wa viazi ulionyooka kama uzi, mtu akipita anasimama kuutazama. Sasa akawa anashika jembe, analiangalia, anakaa chini. Ukimwita anageuka baada ya muda, kana kwamba jina lake limetoka mbali. Macho mekundu. Mbuzi wanaingia kwenye mbaazi mbele yake na yeye yuko pale pale, anawatazama kama mgeni. Mama akimsemesha, anasema ndiyo, ndiyo, mama, na baada ya hapo hakuna kitu.

Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote, na kipindi hicho nilitamani kumpiga jiwe.

Ili mnielewe, lazima nieleze ingobyi. Kilima chetu hakikuwa na njia ya gari. Mgonjwa alishushwa mjini kwa ingobyi, yaani machela ya kusukwa kwa fito za mianzi, iliyofungwa kwenye miti miwili, na miti hiyo inakaa mabegani mwa wanaume wanne. Wengine wanafuata nyuma ili kupokezana. Ingobyi haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kilima kizima, na kila nyumba ilidaiwa kitu kimoja tu: bega. Nyumba inayotoa bega, mtu wake akiugua atabebwa. Nyumba isiyotoa, mgonjwa wake atabaki hapo hapo alipolala. Msiseme ni ukatili. Mkishabeba mtu mzito kwenye yale mawe meusi ya volkano yanayokata nyayo, mtaelewa kwa nini hakuna aliyekubali kumbebea mvivu.

Palikuwa na mzee tuliyemwita mkubwa wa ingobyi. Alikuwa mfupi, lakini ile sauti yake, yewe! Mtu akizidiwa, mzee anapanda juu ya mwamba na kuita nyumba moja moja: "Bega la penye mianzi! Bega la kwa wenye mizinga! Bega la kwa Mwenye Mguu!" Na popote ulipo unaacha jembe. Baba akiwa hivyo alivyo, bega letu lilikuwa moja tu, la kaka.

Siku ya kwanza ya fedheha, walikuwa wamembeba mama mmoja mwenye homa kali. Kaka alikuwa mbele kushoto, ametoka kibandani moja kwa moja. Walipofika katikati ya mawe meusi akasimama. Akaanza kucheka. Wenzake wanasema alikuwa anamcheka mjusi juu ya jiwe. Magoti yakakunjika, ingobyi ikainama upande, yule mama akabingirika akachanika paji la uso. Fidia yake ilikuwa mtungi wa pombe ya mtama kwa wabebaji wote, na aliyeitengeneza ni mama yangu, huku ana mimba ya miezi mingi, anakoroga na kupumzika, anakoroga na kupumzika. Mara ya pili mzee aliita na bega letu halikwenda kabisa. Tulimkuta kaka amelala kwenye mbaazi, kiko kifuani.

Mkubwa wa ingobyi akaja nyumbani. Baba akamtolea kigoda, mzee hakukaa. Kwetu mgeni akikataa kigoda, maneno anayokuja nayo ni mazito.

"Mwenye Mguu," akasema, "mwanao ametuangusha mara ya pili. Nikiita tena na bega la nyumba hii likakosekana, ingobyi haitapita mlangoni kwenu. Sikuchukii. Nimesema."

Halafu akaliona tumbo la mama, akatazama chini, akaondoka.

Sote tulielewa. Uzazi wa mwisho wa mama ulikuwa nusura umuue. Alishushwa mjini akiwa hajitambui, mtoto akafa, na sista wa zahanati akamwambia: ukishika mimba nyingine, usithubutu kuzalia nyumbani. Sasa mimba ilikuwepo, tena inakua kila siku. Kukosa bega kulikuwa ni kumkosa mama. Ilikuwa rahisi hivyo, na ndiyo maana nilikuwa silali.

Nilimfuata kaka shambani. Nilikuwa na ulimi mkali tangu utotoni, msidhani ni uzee.

"We! Mama akifia mlangoni, utamcheka na yeye kama ulivyomcheka mjusi?"

Nilitegemea anitukane. Akalia. Mtu mzima, mwenye mkuki wake, akakaa kwenye mfereji wa viazi akalia.

"Kila asubuhi nasema leo hapana," akaniambia. "Kila asubuhi, dada. Jua likifika pale kwenye mgomba wa jirani, nimeshavuta. Mikono inakwenda yenyewe."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ikabidi niipeleke mahali. Nikaenda nyuma ya boma nikaushika ule mmea shinani nikaung'oa, na mwingine, na mwingine, mpaka mikono ikanuka. Baba akaja anachechemea, fimbo juu.

"Mwendawazimu! Dawa ya ng'ombe!"

"Ya ng'ombe, baba? Ng'ombe gani amelala kwenye mbaazi?"

Fimbo ilikuwa inashuka, haki ya Mungu. Lakini mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma, mkono kiunoni. Mama hakuwahi kumpandishia baba sauti maisha yake yote, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Ng'ombe watakohoa," akasema. "Wacha wakohoe."

Baba akabaki na fimbo yake hewani. Halafu akaishusha, akaiegemea, akayatazama yale majani. Mnajua alifanya nini? Aliyachoma mwenyewe. Aliwasha moto, akatufukuza sote upande usio na moshi, hata mbuzi, na akasimama pale na mguu wake mbovu mpaka yakawa majivu. Hakusema "nilikosea". Lakini baba hakuwahi kuchoma kitu cha ng'ombe, na mimi nilimwelewa. Siku hiyo nilijivunia wazazi wote wawili.

Basi kaka akaacha kwenda kibandani. Jamani, asije mtu akawadanganya kwamba kuacha ni kuacha tu. Alikuwa halali, jasho linamtoka kwenye baridi ile, chakula hakipiti. Alivunja kibuyu cha maziwa kwa sababu mlango ulilia. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Wenzake wakawa wanapita nyuma ya ua wanapiga miluzi, naye anaganda, shingo imegeukia huko.

"Mpeni mzigo," mama akasema.

Ingobyi haipakiwi vitu, ni mwiko, ni kitanda cha mtu. Kwa hiyo tukachukua mti mrefu, tukaning'iniza gunia la viazi katikati, kaka mbele, mimi nyuma. Nani mwingine angeshika nyuma? Baba ana mguu, mama ana tumbo. Kila asubuhi kabla jua halijafika kwenye ule mgomba, tunatoka na viazi vyetu, tunateremka mpaka kwenye mawe meusi, tunavuka, tunarudi navyo nyumbani.

Watu walitucheka mpaka wakachoka. "Kwa Mwenye Mguu! Viazi vyenu vimekwenda kusalimia ndugu?" Mwingine akasema, "Hivyo vikipikwa vitakuwa laini, vimetembea sana." Mimi nilijibu kila mmoja wao, na majibu yangu mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Kaka alitembea tu. Tulijifunza kupumua pamoja, tulijifunza kuhamisha mti kutoka bega hadi bega bila kuyumba. Bega langu lilichubuka, likapona, likachubuka tena, mwishowe likaota ngozi ngumu. Ipo mpaka leo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipoigusa mara ya kwanza alidhani ni kovu la moto, nikamwambia, hiyo ni heshima yangu, iache.

Halafu siku ikafika ambayo mzee aliita na kaka yuko kitandani, anatetemeka, ametapika usiku kucha. "Bega la kwa Mwenye Mguu!" Kaka akajaribu kusimama, akaanguka. Akanitazama. Sikungoja mtu aseme kitu.

Nilipofika kwenye mwamba wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mgonjwa alikuwa mzee wa kwa wenye mizinga, amevunjika nyonga, amelazwa tayari kwenye ingobyi.

"Nimeita bega," mkubwa akasema, "sikuita binti."

"Mzee, umeita bega la kwa Mwenye Mguu," nikasema, na nikashusha kitenge nikamwonyesha ile ngozi. "Ndilo hili."

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akasema tukienda mjini na msichana chini ya mti tutaimbwa mpaka Goma. Mwingine akasema ni mkosi. Wakaanza kubishana, huyu hivi, yule vile, mpaka mgonjwa mwenyewe akainua kichwa.

"Nyie bishaneni, mimi ndiye ninayeumia! Hata akinibeba mbuzi, twendeni!"

Nikaingia nyuma kulia. Sitawaficha, uzito wa mtu si uzito wa viazi. Viazi haviguni, havisemi "polepole wanangu". Kwenye mawe meusi machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Lakini sikuyumba. Tulipofika kwenye jiwe kubwa bapa, mahali pa kupokezana, mtu akanipokea, na mimi nikafuata nyuma na wengine, nikapokea tena kabla ya mjini. Hakuna aliyenisifu. Jioni mkubwa wa ingobyi alipita mbele ya ua wetu, akasimama kidogo, akamwambia baba maneno matatu: "Nyumba imetoa bega." Akaenda zake. Baba akajifanya anatafuta kitu ndani.

Mimi nikaenda kukaa nyuma ya boma peke yangu nikatabasamu kama mjinga.

Uchungu wa mama ulianza alfajiri, ukungu umefunika kila kitu. Baba alitoka uani akaita, na kutoka kwenye ukungu tukasikia sauti ya mkubwa ikichukua wito, nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Mwenye Mguu aliita kama wengine. Kaka alikuwa ameshasimama mlangoni, amefunga kiuno. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe. Mama akalazwa. Kaka akaenda mbele kushoto, nafasi ile ile aliyomwangushia yule mama mwingine.

"Hapo?" mkubwa akamuuliza.

"Hapo."

Mzee akamtazama, akakubali kwa kichwa. Mimi nilitembea pembeni, mkono wangu kwenye mkono wa mama. Kwenye mawe meusi sikuangalia njia, niliangalia magoti ya kaka. Yalipinda na kunyooka, yalipinda na kunyooka. Alipopita lile jiwe la mjusi, mama akaugua kwa sauti, ingobyi ikasita. Kaka akasema, "Nipo, mama," na tukaendelea.

Kwenye jiwe bapa hatukuishusha ingobyi, kwa sababu mwenye uchungu hashushwi chini njiani. Wabebaji wanapokezana mmoja mmoja, mti ukiwa juu. Na hapo ndipo watu waliposhika viko vyao, kama kawaida yao, kwa sababu hata wabebaji walikuwa na imani kwamba moshi ule unaondoa uchovu. Rafiki yake kaka wa kibandani, kijana mwenye roho nzuri kabisa, msimchukie, aliona jasho la mwenzake na mikono yake yote miwili iko kwenye mti. Akawasha, akaja, akamwekea kiko mdomoni. Kwa upendo. Kama unavyomnywesha mtu maji.

Niliuona moshi ukipanda usoni kwa kaka, nikaona pua yake inatanuka. Na mama alikuwa amefumbua macho, anaona kutoka chini.

Kaka akageuza uso pembeni.

"Nina mtu begani," akasema.

"Basi nikupokee," rafiki akamwambia, "uvute ukiwa huru."

"Hapana. Nina mtu begani."

Na hakupokelewa. Wengine walibadilishana kwenye jiwe, wakabadilishana tena chini kwenye barabara ya mikaratusi, yeye akabaki mbele kushoto mpaka tuliposhuka tukaliona ziwa, mpaka tulipoingia mjini na watu wa sokoni wakatupisha, mpaka mlangoni kwa masista. Walipomwondolea mti, shati lilikuwa limegandana na bega kwa damu. Sista alimhudumia mama kwanza, halafu akamwosha yeye. Mdogo wetu wa kike alizaliwa kabla ya mchana, analia kwa hasira, na mama akasema, huyu amemfuata dada yake.

Nilikaa na kaka ukutani nje, tunaota jua. Nikamwambia, "Kaka, una nguvu kama nyati."

"Sikuwa na nguvu yoyote," akasema. "Ningeuachia ule mti, ningevuta. Ndiyo maana sikuuachia."

Wengine wakisikia maneno hayo wanaona udhaifu. Mimi sijawahi kusikia mwanamume akisema kitu cha kishujaa zaidi, na nimeishi na wanaume wengi wanaojisifu, wapo hapa mtaani, mnawajua.

Haikuwa mara moja ikaisha. Msimu wa kuvuna mbaazi alivuta tena, mara moja, na alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa ingobyi akamwambia, "Mzee, leo usiniite, sifai." Mzee akasema, "Basi nitamwita dada yako." Na akaniita kweli. Baada ya hapo kaka hakugusa tena. Si wote wa kibandani waliopona. Mmoja alivuka kwenda Kongo kutafuta kazi mashambani, tukasikia analala sokoni, halafu hatukusikia tena. Mama yake alikuwa akija kwetu kuuliza. Lakini nyuma ya maboma mmea ule ulianza kupungua. Baba alikwenda nyumba kwa nyumba, anachechemea, na kila mahali alisema neno lile lile, kwamba ng'ombe si mtu. Kwa mtu kama baba, kusema hivyo kulikuwa ni kujivua nguo.

Na wito ukabadilika. Siku moja mkubwa akapanda mwambani akaita, "Bega la penye mianzi! Bega la kwa wenye mizinga!" Halafu, kwa sauti ile yake, "Mabega ya kwa Mwenye Mguu!" Mabega! Kilima kizima kilisikia. Yampayinka, Mungu kanipa ng'ombe! Nilitupa jembe nikakimbia nacheka.

Miaka miwili mitatu baadaye akaja fundi cherehani. Alikuwa anapanda na mashine yake kichwani kushona nguo za sikukuu, na alishona taratibu sana pale uani kwetu, mpaka baba akauliza kama shati moja linahitaji msimu mzima. Wakaja wazee wake kunichumbia, kofia nyeupe, maneno matamu, na baiskeli ya kunishushia. Mkubwa wa ingobyi akaitazama ile baiskeli, akayatazama mawe yetu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mnatuondolea bega," akawaambia wakwe. "Mnatupa nini badala yake? Huyu fundi wenu anaweza kubeba?" Mume wangu alikuwa mwembamba kama sindano zake, akainama, na watu wote wakafurahi. "Bega letu halishuki kwa baiskeli. Litashushwa."

Basi nikashushwa kwa ingobyi, kama mabibi harusi wa zamani, nimefunikwa gubigubi, sioni kitu. Lakini mtu aliyewahi kubeba hahitaji kuona. Kwa mwendo peke yake nilijua kila mmoja yuko wapi. Mbele kushoto, pumzi yake nilikuwa naijua tangu siku za viazi.

Kwenye jiwe bapa wakasimama. Nikasikia kiberiti. Nikasikia harufu ile ikipenya kwenye nguo niliyofunikwa, na sauti ya yule rafiki wa kibandani, anachekacheka.

"Bwana, leo harusi. Leo hata Mungu anaangalia pembeni. Hebu nikupokee kidogo, amekuwa mzito kuliko mama yenu."

Ulikuwa utani tu, na mimi nilikuwa na majibu saba ulimini. Nikayameza yote. Nilingoja.

"Nina mtu begani," kaka akasema.

Mti ukakaa vizuri begani kwake, na tukaanza kuteremka. Bibi harusi wa kwetu anatakiwa alie njiani, hata kama hana huzuni, ili wakwe wajue kwamba ametoka kwa watu. Mimi nilikuwa nimeapa sitalia, nina furaha zangu. Nililia kutoka kwenye jiwe lile mpaka mjini, kwa sauti, bila kuigiza. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni pake, akakisikia kilio kile tangu mbali, akawaambia majirani, huyu amelelewa. Sikumweleza kwa nini nalia, Kiswahili chenyewe sikuwa nacho. Na hata hivyo hakukosea.